Tamthilia Imeisha, Walt Yuko Wapi?

Ninyi ambao hamjaona mwisho wa Lost, The Sopranos, Breaking Bad au Game of Thrones na bado mna mpango wa kuuona, ishieni hapa. Nitataja kila kitu.

Sehemu ya mwisho ya Lost ilirushwa na kituo cha televisheni cha ABC huko Marekani tarehe 23 Mei 2010. Jack, steringi wake, ameshikilia jeraha la kisu ubavuni, anajikongoja hadi kwenye mianzi, anajilaza chali palepale alipozindukia siku ndege ilipoanguka, na jicho lake linafumba. Msimu wa kwanza ulianza kwa jicho hilohilo likifumbuka. Kabla halijafumba, mbwa anatokea vichakani, anajilaza pembeni yake, asife peke yake. Nililia nilipoiona, na hata leo nikiirudia koo linanikaba. Kwa hiyo sipo kambi ya wanaosema mwisho ule ulikuwa takataka. Machozi yale sina ugomvi nayo.

Nina ugomvi na habari ya huyo mbwa. Anaitwa Vincent, na ni mbwa wa Walt. Mbwa yupo hadi pumzi ya mwisho ya steringi, lakini mtoto mwenye mbwa hayupo. Kisiwani hayupo. Kwenye lile kanisa wanakokutana wote kabla ya kuvuka kwenda kusikojulikana, hayupo. Msimu mzima wa 6 umepita bila uso wake kuonekana.

Kwa ambaye hakuitazama au kaisahau: ndege ya shirika la kubuni liitwalo Oceanic, safari namba 815, inatoka Sydney kwenda Los Angeles, inapasuka vipande angani, na abiria walionusurika wanajikuta kwenye kisiwa cha ajabu. Mmoja wao ni Walt Lloyd, mtoto wa miaka 10. Mama yake amefariki juzijuzi tu. Baba yake mzazi, Michael, ambaye hakupata kumlea, ndiyo kwanza amemfuata Australia kumchukua. Hawajuani. Baba hajui mwanawe anapenda nini, mtoto haoni kwa nini amtii mtu huyu, na kati yao kuna huyo mbwa tu.

Sehemu ya 14 ya msimu ule, iliyorushwa Januari 2005, inaitwa "Special". Tunarudishwa nyumbani kwao Australia, mama bado hai. Walt amefungua kitabu cha ndege, wale wa manyoya, mezani, anawaita wakubwa watazame picha. Mama hajisikii vizuri, baba wa kambo anazungumza naye, hakuna anayemsikiliza mtoto. Anaita tena, safari hii kwa sauti ya hasira. Mara, paa! Kitu kimejibamiza kwenye kioo cha dirisha. Ni ndege, tena wa aina ileile ya kwenye kitabu, na amekufa. Kamera inabaki kwenye uso wa yule mwanamume, na unaona hofu inavyoingia. Baadaye, mama akishazikwa, baba wa kambo huyo anamwambia Michael kwamba hawezi kuendelea kukaa na mtoto huyu, mambo hutokea anapokuwepo. Mtu mzima anamwogopa mtoto waliyekuwa wakila meza moja.

Hilo halikuwa pambo la sehemu moja. Locke, abiria mwenzao, anamfundisha Walt kurusha kisu kwa kulitazama lengo akilini kwanza, na kisu kinakwenda kuchoma palepale. Mwisho wa msimu, usiku baharini, mashua inasimama mbele ya chelezo chao na mzee mwenye ndevu anasema itabidi wamchukue kijana. Watu wale, wakazi wa kisiwa wanaoitwa Wale Wengine, walimtaka yeye kuliko yeyote. Msimu wa 2 anamtokea Shannon, abiria mwingine, msituni, ameloa chapachapa, anasema maneno kinyumenyume. Mwanamke mmoja wa Wale Wengine anamuuliza Michael kama mwanawe aliwahi kuonekana mahali ambapo hakupaswa kuwa. Kiongozi wao, Ben, anakiri kwamba kwa Walt walipata zaidi ya walichokitarajia. Kisha wanamwachia! Baba na mwana wanapanda mashua, wanapewa uelekeo wa kufuata, wanaondoka. Baada ya hapo tunamwona Walt kwa kuchungulia tu: dakika hapa, dakika kule, mara yuko juu ya shimo anamwambia Locke ana kazi ya kufanya, mara anamtembelea Hurley, naye abiria wa ndege ile, hospitali, mara Locke anamfuata New York. Halafu kimya.

Sababu inafahamika na ni ya kweli. Malcolm David Kelly, aliyemwigiza Walt, alikuwa anakua. Mambo ya kisiwani katika misimu minne ya kwanza yanachukua siku zipatazo mia moja, lakini kuyapiga picha kulichukua miaka, na mtoto hawezi kuambiwa asirefuke. Nalielewa hilo vizuri sana. Mwigizaji mwingine, Adewale Akinnuoye-Agbaje, aliomba mwenyewe kuondoka, na Mr. Eko, mhusika niliyempenda mno, akauawa mapema msimu wa 3. Televisheni ni kazi ya watu wenye miili na maisha yao, na mwandishi anapika kwa alichonacho. Lakini baada ya msimu wa 3 kisa kiliruka miaka mitatu mbele. Ikifika hapo Walt ni kijana mrefu, na ndivyo mwigizaji alivyokuwa. Kikwazo kiliondoka chenyewe, na bado hawakumrudisha.

Miaka mingi baadaye niliirudia Lost na mdogo wangu wa kike, ambaye wakati inarushwa alikuwa mdogo mno kuielewa. Anatazama kama wengi siku hizi, simu mkononi, jicho moja huku jingine kule. Ilipofika sehemu ya ndege na kioo aliiweka simu chini. "Huyu mtoto ndiye," akasema. "Huyu ndiye atakayekuja kutuambia siri ya kisiwa." Tangu siku hiyo hatukuweza kuanza sehemu mpya bila yeye kuniuliza, "Walt anarudi lini?" Nikawa namjibu, wewe tazama tu. Kufikia msimu wa 5 aliacha kuuliza.

Hapo ndipo nilipoona ukubwa wa hasara. Mwisho unaosahau jambo hauharibu sehemu ya mwisho peke yake, unarudi nyuma kuharibu na zile nzuri. Ile sehemu ya Januari 2005 bado imeandikwa vizuri na kuigizwa vizuri, lakini sasa siwezi kuitazama kwa moyo mmoja, kwa sababu najua yule ndege aligonga kioo bure. Kila alama waliyoiweka kumhusu Walt imegeuka njia inayoishia ukutani. Mtazamaji makini ndiye anayeumia zaidi, maana ndiye aliyezikusanya alama zote.

Wanaoitetea Lost wana jibu moja ambalo nimelisikia mara nyingi: hii ni hadithi ya watu, si ya mafumbo, anayelalamika alitaka kufafanuliwa kila kitu kama darasani. Nakubali nusu ya kwanza. Sihitaji kuambiwa ule mwanga chini ya kisiwa umetengenezwa na nini. Zile namba zinazojirudiarudia, 4, 8, 15, 16, 23 na 42, msimu wa 6 ulizifungamanisha na majina ya watu ambao Jacob, mlinzi wa kisiwa, aliwafikiria kuwa warithi wake, na ingawa hilo halielezi kwa nini zinaleta mikosi, limenitosha. Fumbo lina haki ya kubaki fumbo. Ila Walt si fumbo, Walt ni mtu. Ni mtoto aliyefiwa na mama, akakataliwa na baba wa kambo, akatekwa, kisha baba yake mzazi akaua wanawake wawili ili amkomboe. Ukisema hadithi ni ya watu, huyu ndiye wa kwanza kuulizwa habari zake.

Kuna jambo jingine dogo zaidi linalonikera kwa namna tofauti, nalo ni ngalawa. Msimu wa 5, katika sehemu iitwayo "The Little Prince", Sawyer, Juliet, Locke na wenzao wanarushwarushwa katika wakati, mara nyuma, mara mbele. Wanaikuta kambi yao imetelekezwa, pana ngalawa mbili na chupa ya maji ya shirika la ndege liitwalo Ajira. Wanachukua ngalawa moja, wanapiga makafi. Nyuma yao inatokea ile nyingine imejaa watu, na watu hao wanaanza kuwafyatulia risasi. Juliet anachukua bunduki, anarudisha mapigo, na anaonekana kumpata mmoja wao. Papo hapo mwanga unawaka, wanahamishwa wakati mwingine, mvua inawanyeshea. Sasa angalia walivyojifunga wenyewe: Lost ilishatuambia kwamba kilichotokea kimetokea, hakibadiliki. Baadaye tunaiona ndege ya Ajira ikitua jirani na kisiwa. Kwa hiyo mahali fulani mbele yetu lazima wawepo watu watakaopanda ngalawa ile ya pili, wawafukuze wenzao bila kuwatambua, na mmoja apigwe risasi. Nani atampiga nani? Msimu wa 6 wote, kila mtu alipokaribia maji mimi nilikaa wima kitini. Hakuna aliyepigwa akiwa ndani ya ngalawa.

Ngalawa haina machozi kama Walt. Ni suala la hesabu tu, na waliolianzisha ni wao. Hakuna mtazamaji aliyewaomba waweke ngalawa ya pili.

Nisieleweke vibaya, yapo maswali yaliyoachwa wazi ninayoyapenda. Katika The Sopranos, tamthilia ya majambazi, sehemu ya mwaka 2001 iitwayo "Pine Barrens", Paulie na Christopher wanampeleka Mrusi mmoja msituni wammalize. Anawachomoka. Paulie anafyatua, wanaona kama risasi imempata kichwani, wanafika pale wanakuta damu kwenye theluji na mtu hayupo. Tamthilia iliendelea hadi tarehe 10 Juni 2007 na Mrusi hakuonekana tena. Watu walimuuliza David Chase, mtunzi wake, miaka na miaka, naye hakukubali kulifunga. Mimi naona alikuwa sahihi. Uhondo wa sehemu ile ni majambazi wawili waliozoea kutisha watu, sasa wao wanatetemeka kwa baridi, wanakula vifuko vya ketchapu garini, wanagombana nani mwenye makosa. Mrusi hakuwahi kuwa wetu. Hatukuambiwa ana mama wala ndoto, wala kwamba hatima ya mtu yeyote inamtegemea. Kwa Walt tuliambiwa yote hayo. Ahadi ni deni, na Chase hakuahidi.

Televisheni yenyewe ilichelewa kujifunza kumaliza. Zamani vituo vya televisheni vya Marekani havikuona haja: tamthilia ilikatwa ikishachoka, na ilidhaniwa kwamba ukishatoa jibu hakuna atakayetazama marudio. Ndipo tarehe 29 Agosti 1967 The Fugitive ikamaliza kisa cha daktari Richard Kimble, aliyehukumiwa kwa kifo cha mke wake na kukaa misimu minne akimsaka mtu mwenye mkono mmoja. Asilimia 72 ya waliokuwa wakitazama televisheni Marekani saa ile walikuwa wanatazama hilo. Walitaka kuona deni lilipwe, nalo lililipwa.

Na wapo wasiopaswa kulaumiwa. My Name Is Earl ilifungwa mwaka 2009 ikiwa imetoka kuandika kwenye kioo kwamba itaendelea. Mwandishi aliyenyang'anywa kalamu huwezi kumdai. Lost haikuwa hivyo, na hapa ndipo naposhindwa kuwasamehe kirahisi. Mei 2007 waandishi wake wakuu, Damon Lindelof na Carlton Cuse, walikubaliana na ABC, hadharani, kwamba tamthilia itaisha mwaka 2010. Miaka mitatu kamili! Hata mgomo wa waandishi wa 2007 na 2008 ulipoupunguza msimu wa 4, tarehe ya mwisho ilibaki palepale. Wachache katika kazi hii wamewahi kupewa muda kama huo.

Mara nyingi watu husema tatizo lilikuwa kutokuwa na mpango tangu siku ya kwanza. Mimi siamini hivyo. Msimu wa mwisho wa Breaking Bad ulifunguka mwaka 2012 kwa steringi wake, Walter White, akinunua bunduki kubwa ya rashasha iliyolazwa kwenye buti la gari. Vince Gilligan, mtunzi wake, amesema waziwazi kwamba walipoiweka pale hawakujua itatumika vipi. Walijitia kitanzi wenyewe, wakakaa wakakuna vichwa hadi wakapata: tarehe 29 Septemba 2013, White anaifunga kwenye mota ya kufungulia mlango wa gereji, anabonyeza rimoti, na nyumba nzima ya maadui inamiminiwa risasi. Na ile sumu ya raisini iliyokuwa imefichwa nyuma ya soketi ya umeme? Nayo inatolewa, inaingia kwenye chai ya Lydia, adui yake mwingine. Hawakuwa na mpango. Walikuwa wanakumbuka walichoandika, basi, na mtazamaji aliyekumbuka pamoja nao alilipwa jasho lake.

Game of Thrones wala siyo ya kusahau, na kwangu hilo lina uchungu wake. Swali la mama yake Jon Snow tuliachiwa tangu msimu wa kwanza, mwaka 2011. Jibu tulipewa Juni 2016: si mwana haramu wa Ned Stark, ni wa ukoo wa kifalme wa Targaryen, na baadaye tukaambiwa jina lake halisi ni Aegon na kiti cha enzi ni haki yake. Msimu wa 8, wenye sehemu 6 tu, Varys, mshauri wa malkia, anakaa akiandika barua kuifichua siri hiyo. Wanapokuja kumkamata anaichoma aliyokuwa akiiandika, anavua pete zake moja moja, anasubiri mlango ufunguliwe, na usiku huohuo anateketezwa. Je, barua nyingine zilikwenda? Zilimfikia nani? Tarehe 19 Mei 2019 mabwana wa falme wanakutana kumchagua mfalme, na hakuna hata mmoja anayesema, jamani, yule Jon aliye kizuizini si ndiye mrithi? Mtu amekufa kwa ajili ya barua, na barua hazifiki popote. Zaidi ya watu milioni moja walitia saini ombi mtandaoni la kutaka msimu ule upigwe upya. Mimi sikubaliani na ombi lile. Kazi ya watu ikishatoka imetoka, na waigizaji na mafundi walijitoa kwa hali na mali. Hasira yake lakini naielewa hadi ndani.

Turudi kwa Walt, kwa sababu kisa chake kina kipande kingine. Agosti 2010, miezi mitatu baada ya mwisho, Lost ilitoka kwenye DVD ikiwa na nyongeza ya dakika kama 12 iitwayo "The New Man in Charge". Ben anakwenda hospitali ya wagonjwa wa akili, na anayemkuta pale ni Walt, kijana mkubwa sasa, ambaye hakuna mtu aliyemwamini. Anatolewa, anapandishwa kwenye gari, na ndani yumo Hurley, mlinzi mpya wa kisiwa. Hurley anamwambia kwamba wanarudi na kwamba kule ndiko kwao, naye ameshaambiwa kwamba bado anaweza kumsaidia baba yake, ambaye roho yake imenasa kisiwani.

Ni tukio zuri. Lina upole na lina mantiki, na sura ya Walt anapoambiwa hana wazimu inaeleza yote yaliyompata miaka ile. Maana yake walikumbuka. Walijua deni lipo na walijua namna ya kulilipa, kisha wakaliweka kwenye kasha la diski kwa atakayenunua. Sehemu ya mwisho ilipewa saa mbili na nusu hewani pamoja na matangazo. Dakika 3 za gari lile zingetosha, hata baada ya jicho la Jack kufumba.

Wanaoniuliza kama waianze Lost leo nawaambia waianze, na waitazame hadi mwisho. Ila ikiisha wasizime. Watafute zile dakika 12 wazitazame usiku uleule, wakihesabu kwamba ndiyo sehemu ya mwisho. Mdogo wangu nilimwekea. Alitazama kimya hadi Hurley alipofungua mdomo, kisha akanigeukia kwa hasira, akataka kujua kwa nini nilimficha siku zote hizo kwamba Walt anarudi.